Tinos: mgeni wa magoti na mgeni wa mchanga

Tangu Julai 2025, abiria wa meli kubwa za matembezi wanaoteremka Santorini au Mykonos wakati wa kiangazi hutozwa euro 20 kila mmoja, hata kabla hawajanunua chupa ya maji. Serikali ya Ugiriki ilifika hapo baada ya malalamiko ya miaka mingi. Santorini ina wakazi wapatao 15,000, na wageni wanaokwenda kuitazama kwa mwaka wamepita milioni 3. Maji, takataka, barabara na kodi za nyumba, vyote vimeelemewa. Tangu hapo mjadala kuhusu visiwa hivyo umekuwa wa hesabu: wageni wangapi wanatosha, ada iwe kiasi gani, meli ngapi zitie nanga kwa siku. Hesabu hizo zina kazi yake, lakini zinaliruka swali lililopaswa kutangulia, nalo ni kwamba mgeni huyo amefuata nini, na fedha anayoiacha inaingia mfuko wa nani. Mwendo wa nusu saa hivi kwa boti ya kasi kutoka Mykonos kipo kisiwa kilichopokea umati wa watu kwa miaka mia mbili bila kupoteza sura yake. Kinaitwa Tinos. Kina wakazi wasiofika 10,000, vijiji vya mawe vilivyotapakaa milimani, ufundi wa kuchonga marumaru unaorithishwa hadi leo, na fukwe ambako mtoto wa kijiji bado anaogelea bila kumlipa mtu. Ninadai kwamba hija ndiyo iliyokinusuru kisiwa hicho, na kwamba anayekwenda huko kwa ajili ya utamaduni na bahari atafaidi zaidi akikubali kwamba yeye ni mgeni wa pili. Wa kwanza yupo, na alimtangulia zamani.

Chanzo cha yote ni ndoto za mtawa mzee. Mwaka 1822, Wagiriki wakiwa katika mwaka wa pili wa vita vyao vya kujikomboa kutoka Dola ya Osmani, Pelagia wa nyumba ya watawa ya Kechrovouni alieleza kwamba Bikira Maria amemtokea usingizini mara kadhaa, akamwagiza watu wachimbe katika shamba fulani lililo juu kidogo ya bandari. Walichimba, wakakata tamaa, wakarudia tena. Tarehe 30 Januari 1823 jembe la kibarua liligonga ubao, ukapasuka vipande viwili. Walipousafisha wakakuta ikoni ya Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari. Tukio lenyewe kila mtu ataliamini kadiri ya imani yake. Kilichofuata ni historia isiyobishaniwa: watu wa kisiwa masikini, vita vikiwa bado vinarindima, walianza mara moja kujenga kanisa kubwa la marumaru juu ya shimo lile. Panagia Evangelistria likawa hekalu la kwanza la taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa sawasawa, na sikukuu ya Kupashwa Habari, tarehe 25 Machi, ndiyo pia siku ambayo Wagiriki huadhimisha mwanzo wa mapinduzi yao. Pelagia naye alitangazwa mtakatifu na Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1970.

Siku kubwa zaidi, hata hivyo, ni 15 Agosti, sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu, ile ambayo Wakatoliki wetu huiita Kupalizwa Mbinguni. Siku za kuikaribia, meli kutoka Piraeus na Rafina hufika zimejaa pomoni. Watu hulala uani mwa kanisa, kwenye vibaraza na bustanini. Familia za Waroma hufika kwa wingi na kukaa siku kadhaa. Kutoka bandarini hadi mlangoni mwa kanisa kuna barabara iliyonyooka ya mlima, na pembeni yake pametandikwa zulia refu. Hilo zulia halikuwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Limewekwa kwa ajili ya wanaopanda kwa magoti: mama aliyembeba mwanawe mgonjwa mgongoni, binti aliyeweka nadhiri baba yake akiwa chumba cha upasuaji, mzee anayesukumwa na wanawe ili asisimame njiani. Ndani ya kanisa ikoni yenyewe haionekani vizuri, kwa kuwa imefunikwa kwa dhahabu na vito vilivyotolewa na walioponywa. Juu ya vichwa vya watu zimening'inia taa za fedha zenye maumbo ya vitu vilivyoombewa, kama mashua, nyumba au mguu. Ipo mashua yenye samaki aliyekwama ubavuni, ukumbusho wa mabaharia wanaosimulia kwamba samaki aliziba tundu wakati chombo chao kikizama. Upo pia mti wa mchungwa wa fedha, ambao simulizi inasema ulitolewa na kipofu aliyeahidi kutoa mfano wa kitu cha kwanza atakachokiona akipata kuona.

Mwanaanthropolojia Jill Dubisch, aliyeandika kitabu kizima kuhusu hija hii mwaka 1995, alionyesha kwamba wengi wa wanaopanda kwa magoti ni wanawake, na kwamba mateso wanayoyachukua hadharani ni sehemu ya kazi yao ya kuitunza familia. Huo ni uchunguzi unaostahili kushikwa, maana unampa msomaji picha ya aina ya mgeni ambaye Tinos ilijengwa kwa ajili yake. Mgeni huyo haji kujipumzisha. Anakuja kulipa deni, na mwenye kulipa deni hachagui kisiwa kwa kulinganisha bei. Mtindo ukibadilika Ulaya, yeye habadiliki. Uchumi wa Ugiriki ulipoporomoka baada ya 2009, watu walipoteza likizo zao lakini nadhiri zao zilibaki palepale. Kwa lugha ya kibiashara, ni mteja asiyepotea, na zaidi ya hapo ni mteja asiyedai kisiwa kijigeuze ili kimpendeze. Hahitaji klabu ya usiku wala bwawa la kuogelea. Anahitaji meli, mshumaa, mahali pa kulaza kichwa, na kanisa lililo wazi.

Fedha zake zinakwenda wapi? Hapa ndipo Tinos inapotengana na majirani zake. Sadaka za Evangelistria hazipelekwi zote kwa askofu, wala hazigawiwi kwa wenye hoteli. Zinashikwa na wakfu ambao bodi yake huongozwa na askofu lakini ina walei wa kisiwa, na kazi yake tangu karne ya 19 imekuwa kulitunza kanisa, kusaidia wagonjwa na wahitaji, kuchangia kazi za umma na kusomesha vijana. Nikolaos Gyzis, mtoto wa seremala kutoka kijiji cha Sklavochori, alipelekwa Munich mwaka 1865 kwa ufadhili wa wakfu huo. Akaishia kuwa profesa wa chuo kilekile cha sanaa alichokwenda kusomea, na mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa Ugiriki. Kwa maneno mengine, sehemu ya sanaa ya kisasa ya taifa hilo ililipiwa na sarafu za wanawake waliopanda mlima kwa magoti. Picha na sanamu za wasanii wa kisiwa zinaonyeshwa katika majumba ya makumbusho yaliyo ndani ya ua wa kanisa lenyewe, hatua chache tu kutoka mahali pa kuwasha mishumaa, na ni ajabu kwamba wageni wengi hutoka bila kuingia humo.

Wakfu huo si malaika, na kisa cha Yannoulis Chalepas kinatosha kulithibitisha hilo. Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Pyrgos, kaskazini mwa kisiwa, ndani ya ukoo wa wachonga marumaru. Wakfu ulimpeleka Munich mwaka 1873, kisha baada ya miaka mitatu ukamkatia ufadhili kabla hajamaliza. Alirudi Athens, akachonga sanamu ya msichana aliyelala kwa ajili ya kaburi la Sofia Afentaki, kazi ambayo mpaka leo watu huenda kuitazama katika Makaburi ya Kwanza ya mji huo. Mwaka 1878 akili yake ikaanza kuyumba. Kuanzia 1888 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Corfu kwa miaka 14. Alipotolewa, mama yake, aliyeamini kuwa uchongaji ndio uliomharibu, alimzuia asichonge na kuvunja vinyago vyake vya udongo kila alipovifuma. Mama alifariki mwaka 1916. Chalepas, akiwa na zaidi ya miaka 60, mchunga kondoo ambaye watoto wa kijiji walikuwa wakimcheka, akashika udongo tena na kuanza kazi ambazo wahakiki wa sanaa huziweka juu hata ya zile za ujana wake. Alikufa Athens mwaka 1938. Nyumba yake Pyrgos sasa ni makumbusho, ya vyumba vidogo na vya giza, na atakayeiingia baada ya kuyaona majumba ya wakfu ataelewa kwamba taasisi inaweza kuinua kijiji kizima na bado ikamponza mtu mmoja. Hilo haliivunji hoja yangu. Linaipunguzia tu utamu, na pengine ndivyo inavyopaswa kuwa.

Pyrgos yenyewe ndiyo ushahidi ulio hai. Juu ya karibu kila mlango kuna kipande cha marumaru kilichochongwa nusu duara, chenye merikebu, ndege, jua au mvinje, kinachopitisha mwanga na upepo. Kituo cha basi kimechongwa, chemchemi ya uwanjani imechongwa, makaburi yamechongwa. Mwaka 1955 kijiji kilipata chuo cha sanaa kinachofundisha ufundi huo, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza ufundi wa marumaru wa Tinos katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Baadhi ya mafundi wanaokarabati majengo ya Acropolis wametoka hapa. Ufundi hauwezi kuishi kwa kutazamwa. Unaishi kwa kuagizwa, na hapa mwagizaji alikuwepo siku zote: kanisa lenye mamia ya vikanisa kisiwani, madhabahu, minara ya kengele, misalaba ya makaburi. Linganisha na kisiwa ambacho mteja mkuu ni mwenye baa. Huyo huagiza saruji, rangi nyeupe na spika.

Zipo pingamizi, na ya kwanza ni ile ambayo msomaji tayari anayo mdomoni: hija yenyewe ni biashara. Ni kweli. Barabara ya pili inayopanda kanisani imejaa maduka pande zote mbili, yakiuza mishumaa yenye kimo cha mtu, chupa za plastiki za kuchotea maji ya chemchemi iliyo chini ya kanisa, na vibati vyenye alama ya jicho, moyo au mtoto mchanga. Vingine ni vibaya mno kwa sura, na bei hupanda Agosti kama inavyopanda kila mahali penye sikukuu. Lakini tofauti ya biashara na biashara ni kubwa. Mshumaa unauzwa na mwenye duka mdogo anayeishi ghorofani juu ya duka lake. Kitanda cha kuotea jua cha euro mia moja, ambacho si kioja katika baadhi ya fukwe za Mykonos, mara nyingi kinauzwa na kampuni ambayo mmiliki wake hajawahi kulala kisiwani wakati wa baridi. Wa kwanza akiharibu jina la kisiwa amejiharibia mwenyewe. Wa pili atahamia kisiwa kingine.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba dola imeiteka ibada hii. Tarehe 15 Agosti mawaziri hufika, jeshi la majini hutoa gwaride, na ikoni huteremshwa bandarini kwa heshima za kijeshi. Mizizi ya jambo hilo ni ya damu. Asubuhi ya 15 Agosti 1940, manowari ya Kigiriki iitwayo Elli ilikuwa imetia nanga mbele ya mji kwa ajili ya sherehe, wakati Ugiriki na Italia bado zikiwa na amani. Nyambizi ya Kiitalia, Delfino, ikaipiga topido na kuizamisha. Mabaharia tisa walikufa, na topido nyingine zikalipuka kwenye gati mahujaji wakiwa wamejaa bandarini. Miezi miwili na nusu baadaye vita vilitangazwa, na taifa zima likaichukulia siku ile kuwa tusi kwa Mama wa Mungu mwenyewe. Kwa hiyo huwezi kuitenga bendera na ikoni pale Tinos, na anayeona ukakasi wanasiasa wakijipanga mbele ya madhabahu ana haki ya kuuona. Mimi pia ninauona. Hata hivyo, ukiangalia mahali macho ya watu yalipo wakati ikoni inateremshwa, utaona waliolala barabarani kifudifudi, wagonjwa na wazazi wa wagonjwa, wakingoja ipitishwe juu ya migongo yao. Waziri kwao ni mtu anayechelewesha msafara.

Pingamizi ya tatu, kwamba kisiwa cha namna hii hakiwezi kuwa na nafasi ya mwenye imani nyingine, inajibiwa na ramani. Tinos ilikuwa chini ya Waveneti kwa zaidi ya miaka 500, kuanzia 1207 hadi Waosmani walipoichukua 1715, na matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya vijiji vyake ni vya Kikatoliki hadi leo. Askofu mkuu wao ana kiti chake Xinara, chini ya jabali la Exomvourgo lililobeba magofu ya ngome ya Venice. Wajesuiti na masista wa Ursula walifungua nyumba zao Loutra. Yapo makanisa madogo yenye sehemu mbili chini ya paa moja, upande huu Wakatoliki, upande ule Waorthodoksi. Na Wakatoliki wa Ugiriki husherehekea Pasaka tarehe moja na majirani zao Waorthodoksi, wakiiacha ile ya Roma, ili watu wa nyumba moja wasiwe mmoja anafunga na mwingine anachinja. Haikuwa amani tupu kwa karne zote hizo. Waveneti na Waosmani waliwapendelea watu wao kwa zamu. Lakini waliozoea kuishi na mwenye dhehebu jingine kijiji cha pili hawashtuki wakimwona mgeni aliyekuja bila dhehebu lolote.

Sasa tuje baharini, maana sikusema mtu asiende baharini. Fukwe za Tinos ni nzuri na hazina makeke. Zile za kusini, Agios Fokas, Agios Sostis, Agios Ioannis Porto na Pachia Ammos, zimekingwa na milima dhidi ya meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Julai na Agosti kwa nguvu ya kung'oa miavuli. Kolymbithra, iliyo kaskazini, inaupokea upepo huo kifua wazi, na ndiyo maana vijana huenda huko na mbao za kutelezea mawimbi. Wagiriki wa kale walisema Aiolos, mungu wa pepo, aliishi hapa katika mlima Tsiknias, na mtu akifika Agosti hatawabishia. Karibu kabisa na ufuo wa Kionia yapo mabaki ya hekalu la Poseidon na Amphitrite, lililokuwa likipokea mahujaji wa baharini kabla ya Ukristo kufika. Mtu anaweza kuogelea na kulitembelea asubuhi moja, akajua kwamba watu walivuka maji kuja kuomba uponyaji hapa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Pelagia kuota.

Na hapa inajitokeza pingamizi iliyo bora kuliko zote zilizotangulia. Mtu atasema: Tinos haikuokolewa na imani, imeokolewa na upepo na ukosefu wa uwanja wa ndege. Upepo unafukuza wapenda kulala mchangani, na kusafiri saa mbili hadi tano kwa meli kunawachosha wenye haraka. Jibu lipo kwa majirani. Mykonos inapigwa na upepo uleule, hata vinu vyake vya upepo ndivyo vinavyopamba kadi za posta, na haukuwazuia matajiri wa dunia. Ios haina uwanja wa ndege mpaka leo, na tangu miaka ya 1970 imekuwa kisiwa cha vijana wa Ulaya kunywa hadi alfajiri. Upepo na umbali vinapunguza kasi tu, havichagui mgeni. Kilichochagua mgeni wa Tinos ni kwamba mji ulikwishajipanga, kuanzia gati hadi kitanda cha mwisho, kwa ajili ya mtu mwingine. Wafanyabiashara wa starehe walipofika visiwa hivi vya Cyclades na fedha zao katika nusu ya pili ya karne iliyopita, walikuta mahali ambapo nguo za kuogelea barabarani zingekutana na mama anayepanda kwa magoti. Wakaendelea na safari, na kisiwa hakikuhitaji kupitisha sheria.

Visiwa vingine vimelazimika kuzipitisha. Kiangazi cha 2023 wakazi wa Paros waliandamana mchangani wakiwa na taulo zao, wakidai nafasi ya kukaa katika fukwe zao wenyewe, ambazo kisheria ni mali ya umma lakini zilikuwa zimefunikwa na vitanda vya kukodisha. Harakati hiyo ya taulo ilienea visiwa vingi, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria inayotaka asilimia 70 ya ufuo ibaki bila vitanda na miavuli, na asilimia 85 katika maeneo yanayolindwa, pamoja na programu ya simu ambayo mwananchi hutumia kumripoti anayekiuka. Ni sheria nzuri. Lakini ilikuja baada ya watu kugundua kwamba wameuza kilichokuwa si chao kuuza, na kuitekeleza kunahitaji mkaguzi kila ghuba. Palipokuwa na mgeni wa aina nyingine tangu mwanzo, ufuo ulibaki mali ya umma kwa mazoea, na mazoea hayahitaji mkaguzi.

Sisemi kwamba kinga hiyo ni ya milele. Dalili za kulegea zipo wazi. Hujaji wa leo, kwa kuwa boti zina kasi, hufika asubuhi na kuondoka jioni, na fedha ya malazi inapotea. Wakati huohuo Tinos imeanza kusifiwa na wapenda chakula na usanifu: jibini lake, kaparisi, artichoki, mvinyo unaotoka kwenye mawe ya duara ya kijiji cha Volax, yale mabanda ya njiwa ya enzi za Venice yaliyopambwa kwa vipande vya mawe ya bapa kama kanga iliyotandikwa ukutani. Baada ya sifa zinakuja nyumba za likizo zenye mabwawa, katika kisiwa kisicho na mto wa kudumu. Mgeni huyu mpya ni mwenye adabu, anasoma, hapigi kelele, naye ndiye ninayemwogopa kwa ajili ya kisiwa zaidi kuliko mlevi wa Ios, kwa sababu anapendwa. Anapandisha bei ya banda la njiwa hadi mjukuu wa aliyelijenga asiweze kulinunua. Hapa wakfu wa Evangelistria na halmashauri ya kisiwa wana kazi ambayo hawajaizoea: kutumia heshima waliyo nayo kusema hapana katika vibali vya ujenzi, kama walivyoitumia zamani kusema ndiyo kwa masomo ya Gyzis.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Waorthodoksi wapo Nairobi na milimani Kenya ya Kati, wapo Uganda tangu Reuben Spartas alipoanzisha kanisa hilo mwaka 1929, wapo Bukoba na Mwanza, wapo Kolwezi na Lubumbashi, ambako wafanyabiashara Wagiriki walitangulia wamisionari. Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus alifika Kenya mwaka 1971, akabatiza watu kwa maelfu na kuweka jiwe la msingi la seminari ya Nairobi inayoitwa kwa jina lake. Wote hao huadhimisha 15 Agosti. Kwao Tinos ni hija kwa maana kamili, na viza ya Schengen ndiyo mlima wao wa kwanza. Kwa wengine, Waislamu, Wakatoliki, Walokole au wasio na dini, ni safari ya kawaida ya kwenda kuona jinsi jamii nyingine inavyokaa na imani yake; na wale waliozoea kuwaona mahujaji wakitembea wiki nzima kwenda Namugongo kila Juni hawatahitaji kuelezwa mengi.

Ninachowashauri hao wengine ni kwenda Mei, Juni au Septemba, wakati bahari inafaa na vijiji vina nafasi, na kukaa siku za kutosha ili fedha yao ifike Pyrgos na Volax badala ya kuishia gatini. Anayetaka kwenda Agosti aende pia, ila ajue kwamba vyumba vya tarehe 15 huwa vimeshikwa miezi mingi kabla, mara nyingi na familia zilezile, na si vibaya kuwaachia. Kanisani mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kuhusu kamera nitakuwa mkali: mtu anayepanda kwa magoti amebeba jambo ambalo huenda hata ndugu zake hawalijui, na simu iliyoinuliwa mbele ya uso wake ni uvamizi, hata kama barabara ni ya umma. Anayeitaka sana picha hiyo, kando ya barabara ileile pamesimamishwa sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti, mkono ameunyoosha kuelekea kanisani. Aipige hiyo, hata mara mia.